Sura za kijivu ukumbini, mistari kwenye picha, albamu inayorudi giza: je, kamera mpya itaponya?

SWALI: Nina mwaka wa pili napiga picha za harusi. Natumia kamera yenye sensa ya APS-C ya megapikseli 24, lenzi iliyokuja na kamera, lenzi ya milimita 50 na flashi moja ya kupachika juu. Mchana, nje, sina shida. Kazi inaharibikia ukumbini usiku: watu wenye ngozi nyeusi wanatoka kijivu kama waliopakwa majivu, shela linaungua, na baadhi ya picha zina mistari ya giza inayokatiza toka upande mmoja hadi mwingine. Nikizihariri kwenye laptopu zinapendeza, lakini zikienda kusafishwa zinarudi giza na mteja ananuna. Nimeweka akiba ya kununua kamera ya fulu fremu. Ninunue?

JIBU: Ndugu, hiyo akiba ishike kwanza. Katika malalamiko manne uliyoyataja, hakuna hata moja lililoletwa na ukubwa wa sensa. Eneo la sensa ya fulu fremu ni kama mara 2.25 ya APS-C, na kwenye giza faida yake ni kama stopu moja (yaani mwanga mara mbili au nusu) ya ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga: picha yake ya ISO 3200 itakuwa na chembechembe sawa na yako ya ISO 1600 hivi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini stopu moja haigeuzi kijivu kuwa kahawia, na ukiingia na kamera hiyo kwenye ukumbi uleule kwa mazoea yaleyale, utatoka na majivu yaleyale, safi zaidi kidogo.

Nianze na mistari, maana ndiyo rahisi. Kwanza itazame vizuri, kwa sababu kuna magonjwa mawili yanayofanana. Kama unaona utepe mmoja tu, mnene, mweusi, wenye ukingo ulionyooka, umekaa juu au chini ya picha ya kulala, taa za ukumbi hazina kosa. Hapo umepiga kwa flashi huku kasi ya shata imepita kiwango cha kuoana na flashi, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Pazia la shata linakuwa limeshaanza kuziba sensa flashi inapowaka. Shusha kasi, basi. Hali ya flashi ya kasi ya juu nayo huondoa utepe, ila inakula nguvu ya flashi stopu mbili au zaidi, na ukumbini nguvu hiyo unaihitaji.

Kama mistari ni mingi, laini, ya giza na mwanga kwa kupokezana, wakati mwingine yenye rangi, hizo ni taa zinazopepesa. Umeme wa hezi 50 huifanya taa iwake na kufifia mara 100 kwa sekunde. Wa hezi 60, mara 120. Jicho halioni, shata inaona. Kwenye umeme wa hezi 50 tumia 1/50 au 1/100, kwenye hezi 60 tumia 1/60 au 1/125, ili kila picha ipokee mizunguko mizima ya taa badala ya vipande. Taa za LED zilizofifishwa kwa swichi, na zile za jukwaani, mara nyingi hupepesa kwa kasi kubwa kuliko hiyo, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na hapo mshukiwa wa kwanza ni shata ya kimya. Ukiiwasha, kamera husoma sensa mstari kwa mstari, na kwenye kamera nyingi za kawaida kazi hiyo huchukua kati ya 1/15 na 1/60 ya sekunde hata kama umeweka kasi ya 1/500. Taa inapata muda wa kutosha kuwaka na kuzima njiani. Rudi kwenye shata ya mekaniki. Isitoshe, kamera nyingi haziwashi flashi kabisa zikiwa kwenye shata ya kimya.

Fika ukumbini kabla ya wageni. Waombe mafundi wawashe taa zote kama zitakavyokuwa usiku, elekeza kamera kwenye ukuta unaopigwa na taa hizo, upige kwa 1/50, 1/100, 1/200 na 1/500, picha tatu tatu. Kuza kwenye skrini ya kamera. Ndani ya dakika mbili umeshajua kasi ipi ni salama. Mchaguo wa kuzuia mpepeso uliomo kwenye menyu ya kamera husaidia kwa ule mpepeso wa 100 na 120 tu, na huichelewesha shata kidogo. Mistari iliyoingia kwenye sura ya bibi harusi ni kazi ya mateso kuiondoa, kwa hiyo usijipe moyo kwamba utairekebisha nyumbani.

Sasa majivu. Hapa ndipo penye kazi, na sababu zinashikana mkono.

Mita ya kamera haijui harusi. Inachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Shela likijaa kwenye fremu, inashusha mwanga, sura inazama gizani. Masuti meusi ya wasimamizi yakijaa, inapandisha, shela linaungua. Shela lililoungua na sura zilizozama, unavyoona, ni ugonjwa mmoja: kamera inabadili mawazo kila unapogeuka. Ukifika nyumbani unaivuta juu ile sura iliyozama, na ndani ya giza hamkuwa na rangi ya kutosha, mlikuwa na chembechembe. Ukiinua giza, unainua chembechembe. Kitambaa cheupe na ngozi nyeusi sana vinaweza kupishana stopu tatu hata zaidi chini ya mwanga uleule. RAW ya kamera yako, yaani faili ghafi lenye data yote ya sensa, inaubeba upana huo wote bila jasho; ila JPEG yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, kulinganisha na 16,384 za RAW ya biti 14, haina cha kukukopesha. Piga RAW.

Kwenye ukumbi weka M, hali ya kupanga kila kitu kwa mkono. Anza na ISO 1600, f/2.8 (uwazi wa lenzi: namba ndogo, mwanga mwingi), 1/100. Usuli ubaki na mwanga wake, stopu moja hadi mbili chini ya kawaida, na flashi ibebe watu. Mpime bibi harusi mara moja: washa lile onyo linalomweka kwenye sehemu zilizoungua, ongeza nguvu ya flashi hadi mikunjo ya shela ianze kumweka, kisha rudi nyuma theluthi moja ya stopu. Onyo hilo hupimwa kwenye JPEG, kwa hiyo RAW mara nyingi ina akiba kidogo juu yake. Ukishapata, usiguse tena mpaka umbali au taa zibadilike.

Flashi yenyewe usiielekeze usoni. Umbo la ngozi nyeusi kwenye picha huonekana zaidi kwa mng'ao wake kuliko kwa vivuli. Chanzo kidogo cha mwanga, kama kichwa cha flashi kilichoachwa wazi, hutoa vidoa vidogo vikali kwenye paji na pua, na kati ya vidoa hivyo ngozi inabaki imekufa. Chanzo kikubwa hutandaza mng'ao ule shavuni taratibu, na hapo ndipo kahawia, wekundu na weusi wa mtu vinapoonekana. Geuza kichwa cha flashi kiangalie juu, nyuma na pembeni, kiupige ukuta au dari jeupe. Usikielekeze juu moja kwa moja, macho yatakuwa mashimo.

Watu wengi huogopa kwamba flashi yao haitatosha kwa kudundisha. Piga hesabu. Tuseme flashi ina namba elekezi (kipimo cha nguvu yake: ukiigawa kwa umbali wa mita unapata namba ya f) ya 36 kwa ISO 100 ikiwa imefunguliwa kwa upana wa milimita 35. Kwa ISO 1600 zidisha kwa 4, unapata 144. Dari liko mita 3, mwanga utasafiri kama mita 5 kwenda juu na kumrudia mtu: 144 gawanya kwa 5 ni kama f/28. Toa stopu tatu zinazopotea kwa kutawanyika na kunywewa na rangi ya dari, inabaki f/10 hivi. Wewe unataka f/2.8. Maana yake flashi inafanya kazi kati ya 1/8 na 1/16 ya nguvu yake: inajaa upesi, haichemki, betri zinafika mwisho wa sherehe. Dari likiwa mita 6, safari inakuwa kama mita 10 na flashi inahitaji kama theluthi ya nguvu zake kila ukibonyeza. Bado inawezekana, ila utasubiri sekunde kadhaa kati ya picha na picha. Betri za kuchaji za NiMH hujaza flashi haraka kuliko za alkali za kutupa, ingawa volti zake zimeandikwa ndogo, kwa sababu hazikwamishi mkondo wa umeme ndani yake.

Dari la mbao nyeusi, au hema la kitambaa cha rangi, ni habari nyingine. Ukidundisha kwenye hema la kijani utapata ukoo mzima wa kijani, na hakuna priseti, yaani mpangilio wa kuhariri uliokwisha kuandaliwa, itakayowaokoa. Hapo unahitaji flashi ya pili kwenye stendi, yenye mwavuli mweupe au softboksi, ikiwashwa kwa triga ya redio, kichwa chake juu ya mita 2, umbali wa mita 2.5 hadi 3 kutoka sehemu ya keki au ya meza kuu. Mguu wa stendi uukandamize kwa mfuko wa mchanga. Mwavuli ni tanga, na watoto hukimbia popote.

Kuna sababu nyingine ya majivu ambayo wengi hawaitambui: taa mbili zinazogombana. Flashi hutoa mwanga wa kama Kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, unjano unazidi), taa za njano za ukumbi ziko karibu na 3000. Ukipiga bila kusawazisha, mtu anakuwa sawa na ukumbi nyuma yake unakuwa chungwa tupu. Nyumbani ukumbi unakukera, unavuta mizani ya weupe kuelekea bluu ili utulie. Ukumbi unatulia, na ngozi inapoteza uhai wake wote. Dawa ni kipande cha jeli ya chungwa, plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, mbele ya flashi. Jeli nusu huishusha flashi hadi kama 3800, jeli kamili hadi 3200 au chini kidogo. Weka jeli nusu, kamera uiandikie Kelvini 3800 kwa mkono, na usiiachie otomatiki. Jeli kamili hula theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja, nusu hula pungufu ya hapo. Kabla ya shughuli kuanza piga fremu moja ya kadi ya kijivu pale mtakapopigia picha za familia. Usitumie karatasi nyeupe ya ofisini: ina dawa ya kung'arisha ambayo huakisi ubluu inapopigwa na flashi, na itakupotosha.

Taa za DJ za zambarau na bluu usipigane nazo. LED ya bluu tupu haitoi wekundu, na pasipo wekundu hakuna rangi ya ngozi ya kurudisha. Ama flashi yako iizidi nguvu kwenye sura, ama picha iende nyeusi na nyeupe.

Twende kwenye kuhariri. Swali ambalo ningekuuliza ana kwa ana ni hili: unatumia priseti ulizozipata mtandaoni? Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, na kitu cha kwanza zinachofanya ni kupunguza ukolevu wa rangi ya chungwa ili nyuso nyekundunyekundu zitulie, kisha kuupandisha mwangaza wa chungwa ziwe laini. Kahawia, kwa kompyuta, ni chungwa iliyotiwa giza. Ukiitoa chungwa kwenye uso wa kahawia unabaki na giza lisilo na rangi, na ukiling'arisha giza hilo unapata majivu. Fungua priseti yako sasa hivi, angalia kitelezi cha chungwa. Ukikuta ukolevu uko -20 au -30, mchawi wako ndiye huyo. Urudishe sifuri, au hata +5. (Ni jambo la zamani hili. Kwa miongo kadhaa maabara zilizotumia vifaa vya Kodak zilipima rangi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kama Shirley, na ngozi nyingine zikabeba hasara.)

Macho huzoea haraka na kudanganyika, kwa hiyo soma namba. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, weka kishale shavuni, mbali na mng'ao, utazame asilimia tatu chini ya histogramu. Kwenye ngozi ya binadamu yeyote chini ya mwanga uliosawazishwa, nyekundu huwa kubwa, kijani inafuata, bluu ndogo. Ngozi nyeusi yenye afya inaweza kusoma 42, 30, 23. Ikisoma 38, 35, 34, namba zimesogeleana: hayo ndiyo majivu, hata kama skrini inakuambia ni pazuri. Bluu ikiipita kijani, mtu ni wa zambarau. Mpangilio wa kufanya kazi uwe huu: mizani ya weupe kwanza, kuanzia fremu ya kadi ya kijivu, kisha mwangaza wa jumla, kisha maski (eneo lililotengwa la picha) ya sura pekee, uinue robo hadi nusu ya stopu kama inahitajika na uongeze joto kidogo ndani ya maski hiyohiyo. Vitelezi vya kukazia umbo na kuondoa ukungu visiguse ngozi. Na usimng'arishe mtu kuliko alivyo. Mama wa bibi harusi anaijua rangi ya mwanawe.

Kuhusu picha kurudi giza, karibu kila mara mkosaji ni skrini ya laptopu iliyopandishwa hadi mwisho. Skrini ya namna hiyo inaweza kutoa kandela 300 au zaidi kwa mita ya mraba, wakati kwa kazi ya kuchapisha inatakiwa kati ya 80 na 120. Unahariri kwenye skrini inayowaka kama dirisha, picha inaonekana ina mwanga wa kutosha, unaishusha. Karatasi haina taa nyuma yake. Kifaa cha kupimia rangi ya skrini kinamaliza ubishi: lenga kandela 100, nukta nyeupe D65, gama 2.2, urudie kila mwezi. Mpaka ukipate, chagua picha tano, moja ya shela, moja ya suti nyeusi, mbili za sura za weusi tofauti, moja ya ukumbi mzima, uzisafishe ndogo mahali unaposafishia siku zote na uwaombe wazime marekebisho ya otomatiki ya mashine. Ziweke kando ya skrini, chini ya mwanga wa kawaida wa chumba, ushushe mwanga wa skrini mpaka vifanane. Weka alama kwenye kiwango hicho, usihariri tena kwa kingine, wala usihariri usiku taa ikiwa imezimwa.

Toa mafaili kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida, isipokuwa maabara ikuombe vingine. Adobe RGB ikiangukia kwenye mashine isiyosoma profaili, picha zinapauka, na hapo tena utaambiwa ngozi ni mbaya. Kwa ukubwa, kurasa za sentimita 20 kwa 30 kwa pikseli 300 kwa inchi zinataka 2362 kwa 3543 tu. Kamera yako inatoa 6000 kwa 4000, ambazo zinafika kama sentimita 50 kwa 33. Jihadhari na uwiano: fremu yako ni 3 kwa 2, na mteja akitaka 20 kwa 25 utakata sehemu moja ya sita ya upande mrefu. Waliopigwa kwa kubanwa watapoteza miguu au vilemba, kwa hiyo acha nafasi pembeni unapopiga.

Kwa upande wa biashara, nakushauri mambo mawili tu kwa leo. Weka kwenye mkataba kwamba mteja ataidhinisha ukurasa mmoja wa albamu uliochapwa kabla ya albamu nzima kuchapwa, na kwamba ukimpa mafaili akasafishe mwenyewe mahali pengine, rangi ya huko si dhamana yako. La pili, kabla ya kununua bodi yoyote (kamera bila lenzi) gawanya bei yake kwa harusi. Shata iliyokadiriwa kubonyezwa mara 200,000, kwa picha 2,500 kila harusi, ina harusi 80 ndani yake. Na kumbuka fulu fremu haiji peke yake: lenzi ile iliyokuja na kamera yako ilitengenezwa kwa APS-C na haitaifunika sensa hiyo, kwa hiyo unanunua na lenzi.

Akiba yako ningeigawa hivi: flashi ya pili, triga, stendi na mwavuli; jeli; kifaa cha kupimia skrini; seti mbili za betri za NiMH. Kinachobaki kiende kwenye bodi ya pili ya APS-C inayopokea lenzi na betri ulizo nazo, hata iwe iliyotumika, maana kwenda harusini na kamera moja kunanitisha kuliko majivu. Unapoikagua, uliza idadi ya shata, piga anga tupu kwa f/16 uone madoa ya sensa, jaribu kadi kwenye kila tundu lake, na upachike flashi juu uibonyeze mara ishirini mfululizo. Ikiruka hata mara moja, irudishe kwa mwenyewe.